Mafunzo Kabla ya Msiba: Nani Atalipia?



Tunapozungumza habari za haki katika vikao vya jumuiya na vigango, mara nyingi twataja ardhi, mahakama, rushwa na uchaguzi. Ni vema kufanya hivyo. Lakini liko jambo moja la haki ambalo halitajwi sana, nalo ni hili: nani huandaliwa kuikabili hatari kabla haijafika, na nani huachwa aipokee kama ijavyo? Mtu anayeishi mjini, karibu na hospitali, kituo cha zimamoto na ofisi ya mkuu wa wilaya, akipatwa na jambo husaidiwa upesi. Mtu wa Rungwa hungojea. Na kwa kuwa hungojea, yeye ndiye anayestahili kufundishwa kwanza. Mambo yalivyo ni kinyume cha hayo.

Maoni ninayoyaleta katika makala haya ni mafupi. Halmashauri za Mkoa wa Singida, pamoja na jirani zao, zitenge kila mwaka fungu dogo lakini la hakika. Fungu hilo ziliweke katika kapu moja, na kwalo ziwafundishe viongozi na wananchi wa vijiji na kata namna ya kusimamia vihatarishi. Na mafunzo hayo yaanzie mahali palipo mbali, siyo yaishie njiani kabla ya kufika huko.

RUNGWA NI MAHALI PA NAMNA GANI

Wasomaji wengi wanaifahamu Rungwa kwa jina la Pori la Akiba, lile linaloungana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kufanya eneo moja kubwa la wanyama pori katika nchi yetu. Lakini Rungwa ni makazi ya watu pia. Ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Itigi, halmashauri iliyoanza mwaka 2015 ilipomegwa kutoka Manyoni. Upande wa kusini iko Wilaya ya Chunya mkoani Mbeya, na upande wa magharibi uko Mkoa wa Tabora. Hii ni nchi ya Wakimbu, watu wa misitu ya miombo, warina asali tangu zamani, na leo wanaishi pamoja na wakulima na wafugaji waliotoka pande nyingi.

Barabara inayopita hapo, kutoka Mbeya kwa njia ya Chunya, Makongolosi na Itigi hadi Mkiwa, ina urefu wa zaidi ya kilomita 500. Anayeisafiri wakati wa masika anaelewa maana ya neno "mbali". Katika nchi ya namna hiyo, saa za kwanza za msiba wowote ziko mikononi mwa wenyeji wenyewe. Moto wa pori ukiruka mpaka wa shamba saa nane mchana, atakayeuzima ni mwenyekiti wa kitongoji na jirani zake. Tembo wakiingia katika mahindi usiku wa manane, atakayeamka ni mwenye shamba na mkewe na watoto. Basi kama watu hao hawajui la kufanya, hakuna gari litakalotoka Itigi au Singida likafika kabla ya hasara.

KIHATARISHI SI MAAFA

Yafaa tufafanue maneno. Maafa ni jambo lililokwisha kutokea: nyumba zimeanguka, mazao yameliwa, watu wamekufa. Kihatarishi ni jambo ambalo laweza kutokea na kuleta hasara. Maafa husaidiwa, lakini kihatarishi husimamiwa. Kusimamia kihatarishi ni kukitambua mapema, kukadiria uzito wake, kuamua nani afanye nini ili kukipunguza, na kuandika yote hayo mahali ambapo yeyote anaweza kuyasoma. Wakaguzi wa hesabu za serikali huuliza katika halmashauri kama daftari la vihatarishi lipo na kama linatumika. Swali hilo linapaswa kuulizwa vijijini pia, kwa lugha nyepesi: hapa kwetu, ni mambo gani matano yawezayo kutuumiza mwaka huu, na tumepanga nini juu ya kila moja?

Isidhaniwe kwamba vihatarishi ni vya mvua na jua peke yake. Fedha ya ujenzi wa darasa kukaa mkononi mwa mtu mmoja ni kihatarishi. Mkataba uliosainiwa bila kusomwa ni kihatarishi. Chakula cha msaada kugawiwa bila orodha iliyopitishwa na mkutano wa kijiji ni kihatarishi, tena kikubwa, maana huzaa chuki baina ya majirani ambayo hudumu kuliko njaa yenyewe.

Wazee wa upande wa Manyoni na Dodoma wamesimuliwa habari za njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Ukame haukuwa jambo geni kwao. Walikuwa wamekwisha kuushinda mara nyingi kwa kuweka akiba ya nafaka, kwa kugawana mifugo na kwa undugu wa mbali. Lakini safari hiyo vita ya Wazungu ilikuwa imekwisha kuchukua ng'ombe wao, nafaka yao na vijana wao wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana, hapakuwa na kitu cha kushika. Tujifunze hapo kwamba jua huleta ukame, lakini njaa inayoua watu kwa wingi hutokea pale ambapo ukame unawakuta watu walionyang'anywa, au walioacha, njia zao za kujikinga.

SHERIA IPO, WATU HAWAJAANDALIWA

Ukizifuatilia sheria za nchi yetu juu ya jambo hili utaona safari ya mawazo. Mwaka 1990 Bunge lilitunga sheria ya kuratibu misaada ya maafa. Angalia jina lake: lilihusu misaada, yaani kazi inayoanza baada ya msiba. Mwaka 2015 ikaja sheria nyingine, na safari hii jina likawa usimamizi wa maafa. Nayo ikafutwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, ambayo inazipa kazi kamati za ngazi mbalimbali, kuanzia taifa na mkoa hadi wilaya, kata, kijiji na mtaa. Kwa maneno mengine, sheria imekwisha kutoka kwenye kugawa mablanketi na kufika kwenye kujiandaa. Imefika hadi kijijini.

Lakini je, mafunzo nayo yamefika? Sitaki kusema kwa niaba ya kila kijiji. Msomaji na ajiulize kwa kijiji chake mwenyewe. Wajumbe wa kamati ya maafa ni akina nani? Walikaa lini mara ya mwisho? Kati yao ni nani aliyewahi kufundishwa namna ya kuandika taarifa ya hasara, au namna ya kuwahamisha wagonjwa na wazee kabla maji hayajapanda? Pale ambapo majibu yapo, tushukuru. Pale ambapo hayapo, tutambue kwamba kamati iliyoandikwa katika karatasi haizimi moto.

Na yako mambo mawili yanayolifanya jambo hili kuwa la kudumu. La kwanza ni uchaguzi. Viongozi wa vijiji na vitongoji huchaguliwa kila baada ya miaka mitano: walichaguliwa mwaka 2014, tena 2019, tena tarehe 27 Novemba 2024. Kila mara wengi huingia wapya. Fedha ya mradi ikiwafundisha waliokuwapo na kisha mradi ukaondoka, elimu nayo huondoka na wenyeviti waliotoka madarakani. Jambo la pili ni kwamba hatari zenyewe hubadilika. Mashamba yanasogea karibu na mapori, mifugo inaongezeka, mvua inanyesha bila kufuata majira tuliyoyazoea. Aliyefundishwa mara moja miaka kumi iliyopita hana budi kufundishwa tena.

MFANO WA TEMBO

Tuchukue hatari moja ambayo watu wa kando ya mapori wanaijua vizuri. Mwaka 2011 serikali ilitoa kanuni za malipo kwa wananchi wanaodhuriwa na wanyama pori wakali na waharibifu. Malipo ya mazao huitwa kifuta jasho, na malipo ya mtu aliyejeruhiwa au kuuawa huitwa kifuta machozi. Majina hayo yanasema kweli: si fidia inayorudisha kilichopotea, ni pole. Hata hivyo, pole hiyo nayo ina masharti. Lazima hasara itolewe taarifa, ikaguliwe, ipimwe na kuthibitishwa kwa maandishi. Mkulima asiyejua utaratibu hukaa wiki mbili akingoja mgeni aje kuona, na mvua ikifuta nyayo na mabua yakikauka, ushahidi umekwisha. Afisa mtendaji aliyefundishwa angeandika siku ile ile: ukubwa wa eneo, aina ya zao, hali yake, majina ya mashahidi. Hapo tayari elimu ya siku mbili imeokoa haki ya mkulima.

Tena elimu haiishii katika kudai. Watafiti nchini Kenya walithibitisha jambo ambalo warina asali wengi wangeliweza kuwaambia, kwamba tembo huwaogopa nyuki. Kutokana na hilo wakatengeneza uzio wa mizinga iliyofungwa kwa waya: tembo akigusa waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Njia hiyo imejaribiwa pia katika nchi yetu, upande wa Udzungwa. Haizuii tembo wote wala si kila mahali inafaa, lakini mwenye shamba hupata asali hata mwaka ambao tembo hawakuja. Sasa fikiri: ni watu gani katika Tanzania wanaofaa kuijaribu na kuiboresha kuliko watu wa Rungwa, ambao mzinga ni urithi wao? Hawakosi ujuzi wa nyuki. Kinachokosekana ni mahali pa kukutana na wenzao wa Udzungwa waliokwisha kujaribu, na mtu wa kugharimia safari hiyo.

KWA NINI MAFUNZO YA PAMOJA

Wengine watasema, kila halmashauri na ifundishe watu wake. Najibu kwamba hatari hazisomi ramani za utawala. Tembo anayelala upande wa Itigi aweza kula mahindi ya Chunya. Moto uliowashwa na mtu mmoja wilayani Sikonge waweza kuunguza mizinga ya mtu wa Rungwa. Ugonjwa wa ng'ombe husafiri na mnada. Kijiji kimoja kikifundishwa na jirani yake asifundishwe, ni sawa na kufunga mlango mmoja katika nyumba yenye milango miwili.

Watu wa Itigi wanayo kumbukumbu nyingine ya jambo hili. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mafuriko ya mto Mkondoa yaliipiga Kilosa. Maelfu ya watu walikosa makazi, na reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Kilosa iko mkoani Morogoro, mbali nasi. Lakini treni iliposimama, waliosimama nayo ni wafanyabiashara wa Manyoni na Itigi, wasafiri wa Tabora na Kigoma, na wote waliotegemea mizigo ya njia hiyo. Tuta na kingo za mto katika wilaya moja zilikuwa kinga ya mikoa mingi, na gharama ya kushindwa kwake ililipwa na watu ambao hawajawahi kuuona mto huo.

Karibu nasi zaidi, tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliteremka kutoka Mlima Hanang na kuufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Hanang imepakana na mkoa wetu. Wengi tulichanga nguo, chakula na fedha, na ilikuwa sawa na haki kufanya hivyo. Lakini tujiulize kwa unyofu: baada ya kuchanga, ni vijiji vingapi vya miteremko na mabonde ya mkoa wetu vilikaa chini kuuliza, "Na sisi je, maji yetu yatapita wapi?" Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Sisi mara nyingi humpa mwenzetu pole, kisha twarudi nyumbani na nywele kavu.

Kuunganisha nguvu si fikra ya kigeni kwetu. Vyama vya kuzikana vimejengwa juu ya wazo hilo hilo: hakuna ajuaye msiba wa kesho utakuwa wa nani, basi wote watoe kidogo leo. Mwishoni mwa mwaka 1995 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzishwa kwa majaribio wilayani Igunga, jirani zetu wa Mkoa wa Tabora, na mwaka 2001 ukatungiwa sheria. Somo lake kubwa lilionekana baadaye. Kila wilaya ilipokuwa na kapu lake peke yake, kapu lilikuwa dogo, na mwanachama akivuka mpaka wa wilaya aliweza kukosa huduma. Mfuko ulipoboreshwa mwaka 2018, fedha zikaanza kukusanywa katika ngazi ya mkoa. Kapu pana humbeba mgonjwa vizuri kuliko vikapu vingi vidogo. Ndivyo ilivyo katika mafunzo: mwalimu mmoja mwenye ujuzi, kitabu kimoja cha mafunzo, ratiba moja inayozunguka katika tarafa zote, ni nafuu kuliko halmashauri saba za mkoa kila moja kutafuta mwalimu wake, kuandika kitabu chake na kukosa fedha katikati ya safari.

FEDHA ITOKE WAPI

Hapa ndipo penye ugumu, nasi tusipakwepe. Halmashauri zetu si tajiri. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, nami siilaumu hatua hiyo. Lakini halmashauri ya vijijini ilibaki na mapato machache ya kwake yenyewe.

Hata hivyo, tuutazame ushuru huo huo kwa jicho la kihatarishi. Zao likiliwa na tembo, ushuru haupo. Zao likikaushwa na jua, ushuru haupo. Ng'ombe wakifa, mnada hauna kitu. Maana yake, kila hasara ya mkulima ni hasara ya halmashauri pia. Basi kutoa fedha kwa ajili ya kinga ni kuilinda kodi ya kesho, wala haifai kuhesabiwa kuwa ni sadaka kwa mkulima.

Napendekeza nusu ya asilimia moja ya mapato ya ndani ya kila halmashauri. Kwa mfano tu wa hesabu, halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 3 kwa mwaka, nusu ya asilimia ni shilingi milioni 15. Halmashauri saba za kiasi hicho zingepata kapu la shilingi milioni 105. Halmashauri yenye mapato makubwa itatoa zaidi, yenye mapato madogo itatoa kidogo, na wote watapata mafunzo yale yale. Huo ndio mshikamano unaohesabika.

Jambo la kuyafunga mapato kwa kazi maalumu si geni. Mwaka 2018 sheria ilizitaka halmashauri zitoe asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwa mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utekelezaji wake ulipata misukosuko, na mwaka 2023 mikopo ilisimamishwa ili utaratibu urekebishwe. Lakini faida moja ilibaki: kwa kuwa kiwango kilikuwa kimeandikwa, mwananchi wa kawaida aliweza kumwuliza diwani, "Fungu letu liko wapi?" Jambo lisiloandikwa haliulizwi. Na lisiloulizwa huliwa na mengine.

Serikali kuu nayo isijitoe. Ikiwa sheria yake imekiagiza kijiji kiwe na kamati, ni haki serikali hiyo hiyo ichangie kuifundisha. Ingefaa, kwa mfano, kila shilingi inayotolewa na halmashauri kwa kapu la pamoja iongezewe shilingi nyingine kutoka Hazina. Wafadhili wakija, waje kuongeza juu ya msingi huo, siyo kuwa msingi wenyewe.

PINGAMIZI ZA HAKI

Najua lipo pingamizi kubwa, nalo ni la haki. Wananchi wamechoka na semina. Wameona fedha zikienda katika posho, chai, vyumba vya hoteli na magari, na mwisho wake ni karatasi ya mahudhurio. Mtu akisikia neno "mafunzo" hukunja uso.

Dawa ya semina mbaya ni masharti. La kwanza, mafunzo yafanyike katani, chini ya mwembe au katika ukumbi wa shule au wa kanisa, siyo hotelini mjini. La pili, nusu ya muda iwe vitendo: kuchora ramani ya hatari ya kijiji, kukata barabara ya moto, kuandika taarifa ya hasara katika shamba lenyewe. La tatu, hesabu ya kila mafunzo isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila miezi mitatu. La nne, kila kijiji kilichofundishwa kibaki na daftari la vihatarishi linaloonekana, na mwaka unaofuata kabla ya kufundishwa tena kionyeshe kilichotekelezwa. Wasioonyesha kitu waulizwe sababu mbele ya watu wao.

Pingamizi la pili husema: hii ni kazi ya Dodoma. Katiba yetu katika ibara za 145 na 146 inasema vinginevyo, kwa kuwa imeziweka serikali za mitaa kwa lengo la kuwapelekea wananchi madaraka. Kumbukeni pia kwamba serikali hizo zilivunjwa mwaka 1972, na tulikaa zaidi ya miaka kumi tukijifunza hasara ya kuamuliwa kila kitu kutoka mbali, hata zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii, tangu waraka wa Papa Pius XI wa mwaka 1931, yanashikilia kwamba jambo linaloweza kufanywa na jumuiya ya chini lisinyang'anywe na jumuiya ya juu. Lakini mafundisho hayo yana upande wa pili tunaousahau: jumuiya ya juu inawajibika kuisaidia ya chini ili iweze. Kukipa kijiji madaraka bila elimu wala fedha ni kukitwisha mzigo na kuuita zawadi.

Pingamizi la tatu ni la wale wasemao: mambo yote yamo mikononi mwa Mungu. Ndiyo. Na mikono yetu pia tumepewa naye.

WAJIBU WETU

Je, sisi walei tufanye nini? Tusingoje tangazo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango yake huandaliwa miezi mingi kabla. Anayekuja na hoja mwezi Juni amekuja kuangalia milango ikifungwa. Hoja hii haina budi kuanza katika mkutano wa kijiji, wakati wa kupanga vipaumbele kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ipite katika kamati ya maendeleo ya kata, na ifike katika baraza la madiwani ikiwa imeandikwa na kusainiwa katika muhtasari. Diwani mmoja hawezi kulibeba peke yake. Madiwani wa kata zinazopakana wakilisema neno moja, litasikika.

Halmashauri za walei zaweza kutoa kumbi bila malipo. Walimu na wauguzi waliomo katika jumuiya zetu waweza kufundisha huduma ya kwanza. Wafugaji na akina mama wasiachwe nje ya kamati, maana mfugaji ndiye anayeona moto wa kwanza, na mama ndiye anayejua ni nyumba ipi ina mgonjwa asiyeweza kutembea. Watu wenye ulemavu waulizwe wenyewe namna wanavyotaka kusaidiwa, wasipangiwe. Na chama cha kuzikana kilicho katika kila kigango kijiulize: ikiwa tunaweza kuchanga kwa ajili ya jeneza, je, hatuwezi kuchanga kidogo ili jeneza lichelewe?

Ndugu zangu, Rungwa iko mbali. Hilo hatuwezi kulibadilisha leo. Tunachoweza kubadilisha ni kwamba siku hatari itakapofika, iwakute watu wanaojua nani apige simu, nani abebe wazee, nani azuie moto upande gani, na nani aandike kilichopotea. Watu wa namna hiyo hawazaliwi hivyo, hufundishwa. Na kufundisha kuna gharama. Tukikataa kuilipa gharama hiyo pamoja leo, italipwa kesho na mtu mmoja mmoja, kila mtu peke yake, na atakayelipa zaidi ni yule aliye mbali kuliko wote.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Taja mambo matano yawezayo kuleta hasara kubwa katika kijiji chetu mwaka huu. Ni lipi kati yake tunaloweza kulipunguza sisi wenyewe?

2. Wajumbe wa kamati ya maafa ya kijiji chetu ni akina nani? Je, wamefundishwa, na nani, na lini?

3. Ni kijiji gani jirani ambacho hatari yake ni yetu pia? Tumewahi kukaa nacho pamoja?

4. Tutaipeleka lini hoja ya fungu la mafunzo katika mkutano wa kijiji, na nani ataisimamia hadi ifike kwa diwani?